Birika la Dereva

Asubuhi nyumbani kwetu ilianza na cherehani ya Mama. Niliisikia ikinguruma sebuleni kabla sijafumbua macho vizuri, na kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, honi ya gari la shule ilikuwa inaniita barabarani. Dereva wetu alikuwa mzee mpole mwenye mashavu manene. Tulimwita Polepole, kwa sababu kila tulipomhimiza aongeze mwendo alitujibu, "Haraka haraka haina baraka, wajukuu zangu." Mimi nilikaa kiti cha mbele, kando yake. Rafiki yangu Kasuku, aliyepata jina hilo kwa kusema bila kituo, alikionea wivu kiti hicho kila siku ya Mungu.

Saa hizo Dada alikuwa bado amelala. Alikuwa amemaliza chuo kikuu, na masomo yake ya shahada ya pili yangeanza mwaka uliofuata. Alisema hawezi kukaa mwaka mzima akihesabu mabati ya paa, afadhali afanye kazi yoyote ya halali. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuhudumu baa. Mama aliposikia alishika kichwa. Tangu siku hiyo wateja wake wa kushona waliambiwa kwamba msomi wetu yuko kampuni ya vinywaji.

"Si uongo sana, Mama," Dada alimtania. "Vinywaji si vipo?"

"Cheka tu." Kisha Mama alinigeukia. "Na wewe, ole wako mdomo ukuponyoke."

Haukuniponyoka. Hata ndani ya gari la shule niliringa kwamba dada yangu yuko kampuni.

Jumatatu moja niliamka na homa, sikwenda shule. Mchana homa iliposhuka, Mama aligundua kwamba Dada amesahau aproni yake. Alinituma nimpelekee, nipite mlango wa nyuma na nisikae.

Nilipenya katikati ya kreti za chupa tupu. Ndani kulinuka bia iliyomwagika jana yake na dawa ya kupigia deki. Viti vingine vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza. Dada alikuwa akifuta bilauri, macho mekundu kwa usingizi. Nilimwita, nikampa aproni yake. Kwenye kona, karibu na jiko, alikaa Polepole, na mbele yake birika na kikombe. Nilifurahi kumwona, nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, babu."

Alishtuka. Nilitazama kikombe chake. Chai gani ina povu jeupe namna ile?

"Marahaba," alisema. Aliniangalia, akamwangalia Dada, akatabasamu upande. "Kumbe huyu ndiye yule wa kampuni! Basi tusisumbuane. Mimi sikumwona dada yako, na wewe hukuniona mimi."

Dada alinivuta jikoni. "Unamjua?"

"Ndiye dereva wetu! Saa tisa anakwenda kuwachukua wenzangu."

Aliduwaa na kitambaa mkononi. Hakuwahi kumwona akiendesha, kwa kuwa gari lilipopita yeye alikuwa usingizini. "Hunywa hapa kila mchana," alisema kwa sauti ya chini. "Meneja ndiye aliyeagiza kwamba wateja wanaotoroka kazini tuwawekee bia kwenye birika, wasigundulike."

Alikwenda kumwambia meneja kwamba yeye hampi tena mzee yule. Nilimsikia meneja akijibu pale kaunta, bila hata kuinua kichwa: "Kazi yako ni kuhudumu, binti. Ukitaka kuhukumu watu, nenda mahakamani."

 Dada alijaza birika la pili, akalipeleka. Aliporudi hakuweza kunitazama usoni.

"Usimwambie mtu," alininong'oneza. "Watakuuliza ulimwonea wapi, na Mama ataumbuka mtaa mzima. Mimi mwenyewe nitaongea na mzee, taratibu."

Siku hiyo gari lilifika salama. Jumanne nilirudi shuleni, na wakati wa kwenda nyumbani harufu ya pumzi ya Polepole ilinifikia pale mbele. Niliogopa, lakini nilinyamaza. Jumatano nilimwambia Kasuku achukue kiti changu. Alinikumbatia kwa furaha. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nikajiambia kwamba nimemfanyia rafiki yangu wema. Nilijua fika kwamba najidanganya.

Alhamisi alasiri, kwenye kona ya kabla ya daraja, gari halikupunguza mwendo. Liliacha barabara na kugonga ukingo wa daraja kwa upande wa kiti cha mbele. Vioo vilitumwagikia. Wengi wetu tulitoka na michubuko tu, lakini mguu wa Kasuku ulibanwa na vyuma, na iliwachukua wanaume wanne muda mrefu kumtoa. Mwanzoni alipiga mayowe. Baadaye alinyamaza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Breki zimekatika!" Polepole alikuwa akipiga kelele pembeni, hana hata mkwaruzo. "Breki zimekatika!"

Fundi aliyetengeneza breki hizo wiki ileile alikuwa baba yake Kasuku.

Kesho yake asubuhi wazazi waliitwa shuleni, nami nikaenda na Mama. Polepole alikaa kando ya mwalimu mkuu. Fundi alikaa mbele, macho yamevimba kwa kukesha hospitalini. Maneno yalimwangukia kutoka kila upande. "Umemvunja mwanao kwa mikono yako mwenyewe!" mzazi mmoja alisema.

"Nilizijaribu breki zile," fundi alijibu. Aliitazama mikono yake. "Labda kuna mahali nilisahau kukaza. Sijui. Labda."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilisimama. Mama alinishika mkono. "Kaa chini," alinong'ona. Sikukaa.

"Si breki," nilisema. Sauti ilitetemeka. "Jumatatu nilimwona dereva akinywa bia mchana. Ilikuwa kwenye birika. Ndiyo maana nilimpisha Kasuku kiti cha mbele. Niliogopa kukaa pale."

 "Ulimwonea wapi?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Baa. Dada yangu anahudumu pale."

Watu waligeuka kumtazama Mama, naye akainamisha kichwa. Polepole aliruka. "Mtoto huyu alikuwa na homa! Ameota!"

"Hakuota." Dada alikuwa mlangoni, amevaa sare ya baa; alikuwa amepita kabla ya kwenda kazini. Alitembea mpaka mbele. "Mimi ndiye niliyemhudumia. Jana alimaliza mabirika mawili. Nilijua kwamba anaendesha watoto, na bado nilimpa."

Polisi waliitwa. Fundi mwingine alizikagua breki, akazikuta nzima, na Polepole akapelekwa kituoni. Dada naye aliandika maelezo yake kwa polisi. Alipofika baa mchana, meneja alimfukuza hapohapo. Hakulia. Alisema kama angeiacha kazi hiyo Jumatatu, leo angekuwa analala kwa amani.

Jumamosi tulikwenda hospitalini, sisi watatu. Kasuku alikuwa amelala, mguu umefungwa toka pajani hadi kwenye vidole. Daktari alikuwa amesema atatembea tena, lakini atachechemea maisha yake yote. Dada alipiga magoti mbele ya fundi, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, nami nikapiga.

"Baba, tusamehe," Dada alisema.



"Inukeni," fundi alisema. "Mmeniondolea lawama, nashukuru. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimemlemaza mwanangu. Lakini sitawaficha: nina hasira nanyi. Mngesema Jumatatu, mtoto huyu angekuwa uwanjani anacheza."

Mama alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kosa ni langu," alisema. "Niliionea haya kazi yake, nikawafundisha kuficha."

"Kufuta bilauri si aibu, mama," fundi alimjibu. "Aibu ni kuijua hatari na kuifunika ili tuonekane wazuri." Alinitazama mimi, na macho yake hayakuwa makali. "Wewe ni mdogo, utaona mengi bado. Ukiona hatari, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje damu ikusemee."

 Tulivuta benchi, tukakaa naye kando ya kitanda, tukimsubiri Kasuku aamke.