Benchi la Harnett

Jumamosi ile ya Februari ukumbi wa maveterani, kusini mwa Milwaukee, ulijaa mpaka watu wakawa wanapishana kwa mabega. Lilikuwa gulio la wapenzi wa simuleta, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege ambao wenyewe hukasirika ukiuita mchezo. Wanaume wenye vitambi walitembea na sukani za ndege kwapani, soseji zinachomwa mlangoni, kila mtu anamweleza mwenzake jambo ambalo mwenzake analijua tayari. Nimeishi mji huu miaka mingi na sijaona watu wanaofurahi kwa upole kama wale.

Kwenye meza ya mwisho, karibu na choo, alisimama Corinne Dvorsky, mwanamke wa miaka thelathini na minane anayefanya kazi duka la miwani. Alivaa koti la sufu la rangi ya haradali, nywele amezibana nyuma, na uso wake ulisema wazi kwamba hataki mazungumzo. Alikuwa anauza pedali za miguu za marehemu baba yake.

Mwanamume mrefu mwenye jaketi la turubai akasimama mbele yake. Aliinama akabonyeza pedali moja kwa kiganja, kisha ya pili.

"Ya kushoto imelika kuliko ya kulia," alisema.

"Ndiyo maana bei ni rahisi."

"Sijalalamika, dada. Nasema tu. Mwenyewe alikuwa anatua mahali penye upepo wa upande mmoja, siku zote mahali hapo hapo."

Corinne akamtazama vizuri sasa. "Wewe ni mpiga ramli au fundi wa lifti?"

"Umejuaje lifti?"

"Imeandikwa kifuani mwako, bwana Lyle Haugen."

"Basi ramli tumepiga wote wawili."

Corinne alitaka kucheka, akajizuia. Akaziondoa pedali mezani akaziweka chini, karibu na viatu vyake. "Haziuzwi tena."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nimeghairi."

"Mimi nimeacha mpira wa kikapu nikaendesha dakika arobaini kwenye theluji. Siwezi kurudi mikono mitupu. Niuzie basi namba yako ya simu."

"Hiyo haina punguzo."

"Sijaomba punguzo."

Alimpa. Kisingizio kilikuwepo, tena cha kweli: kompyuta ya baba yake ilikuwa inakwama, na yeye alikuwa anaihitaji kila Jumapili asubuhi.

Sababu ya kuihitaji hakumwambia, na mimi nitaisema hapa ili msomaji asije akasumbuka. Emil Dvorsky, baba yake, alikuwa anarusha ndege ndogo kutoka Harnett, kiwanja cha nyasi chenye njia moja na pampu moja ya mafuta, vijijini huko. Corinne akiwa mtoto alikuwa anamsubiri kwenye benchi la mbao kando ya pampu. Baba akisema nusu saa, ni saa tatu. Kusubiri kule kulimwingia moyoni kukawa kinyongo, na kinyongo hicho kikadumu mpaka ukubwani, wakawa wanapigiana simu Krismasi tu. Kiwanja kikafungwa, kikalimwa mahindi. Baba naye akafa, sasa ni majira mawili ya baridi yamepita.

Lakini ndani ya simuleta yake Harnett ilikuwepo bado. Na kando ya pampu lilikuwepo gari lake jekundu la mizigo, na benchi. Corinne alijifunza kurusha ndege ile kwa shida, na kila Jumapili alitua, akaegesha kando ya gari, akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. Aliamini kwamba satelaiti ilipita juu na kupiga picha siku ambayo baba yake alikuwepo pale. Mtu anayeijua kazi angemwambia dakika ile ile kwamba satelaiti haichongi benchi likasimama kwa miguu minne. Hakumwuliza mtu anayeijua kazi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Lyle alianza kuja Jumapili mchana. Ijumaa walikwenda kula samaki wa kukaanga na mkate wa ngano nyeusi, kama mji mzima unavyofanya. Katikati ya juma ilikuwa simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko kati ya ghorofa ya sita na ya saba."

"Umekwama?"

"Nimeikwamisha mwenyewe ili nikupigie."

"Na watu walioko chini?"

"Wapande ngazi, ni afya. Kesho uvae lile koti la haradali."

"Koti ninalo moja tu, Lyle. Nitavaa nini kingine?"

Machi ikaisha hivyo. Kwenye kompyuta Lyle alikuwa fundi yule yule wa lifti, hapendi uchafu. Siku moja alimkalisha Corinne kando yake akamfundisha.

"Sikiliza. Simuleta inakuja na dunia nzima, imepigwa picha na satelaiti. Lakini viwanja vingi wamevichora juu juu, ni vibanda na lami basi. Sasa watu wanakaa majumbani kwao, wanakitengeneza kiwanja kimoja vizuri, mlango kwa mlango. Wewe unapakua hiyo mandhari yao, unaweka kwenye folda hii. Hii tu, siyo nyingine."

"Hii tu."

"Na kiwanja kimoja hakipewi mandhari mbili. Ukiweka mbili zinapigana. Utaona nyumba ndani ya nyumba, magari yanaelea hewani. Mpya ikiingia, ya zamani inatoka."

"Na hili faili lililoandikwa Nisome ni la nini?"

"Hilo kila mtengenezaji analiandika na hakuna anayelisoma."

Corinne alisikia neno satelaiti akaridhika. Mengine hayakumwingia, kwa sababu alikuwa anatazama mikono ya Lyle, mikubwa, yenye makovu, inavyoshika kipanya taratibu. Alikuwa amempenda, na akili ya mtu aliyependa husikia nusu.

Aprili ikaja siku yake ya kuzaliwa. Lyle alikuwa amekutana mtandaoni na kifurushi kipya cha viwanja vilivyokufa vya Wisconsin, kazi safi ya mtu mwenye kipaji, na Harnett ilikuwemo. Alijua Corinne hurusha ndege huko. Alikuwa na ufunguo wa nyumba. Akaingia Corinne akiwa kazini, akakuta tayari kuna folda kuukuu ya Harnett, ya miaka mingi, akadhani ni zile za bure zinazookotwa mtandaoni. Hakufungua chochote. Mpya inaingia, ya zamani inatoka. Akaifuta, akalimwaga na pipa la taka la kompyuta, na nafasi iliyobaki akaijaza Chicago nzima. Akaacha keki mezani akaenda zake anapiga mluzi.

Corinne alirudi saa kumi na moja, akaona keki, akatabasamu, akakaa. Ndege ikatua kwenye nyasi ambazo ungeweza kuhesabu majani yake. Pampu ilikuwa kama ya kweli. Kando ya pampu palikuwa patupu.

Alipiga simu.

"Umekiona?" Lyle alidakia kwa furaha. "Hata kutu ya pampu wameiweka."

"Lyle, gari la baba halipo."

"Gari gani?"

"Jekundu. Na benchi langu. Satelaiti imepiga picha mpya?"

Lyle akashusha sauti.

"Corinne, satelaiti haifanyi vitu hivyo. Kama kulikuwa na gari na benchi, kuna mtu alivitengeneza kwa mkono. Kimoja kimoja."

"Nani?"

"Sijui. Sikusoma."

"Basi virudishe."

"Nimefuta."

"Kufuta unafuta, unarudisha. Si kompyuta?"

"Nimeweka Chicago juu yake, mpenzi. Haitarudi."

Corinne alikata simu bila hasira, akapanda darini. Kwenye sanduku la karatasi za Emil, ambalo hakuwahi kulimaliza, alikuta daftari. Ndani kulikuwa na gari jekundu limechorwa kwa penseli kutoka pande nne, kimo cha mlango, upana wa taa. Kurasa tisa za gari. Kurasa kumi na nne za benchi, zote zimekatwakatwa kwa mistari na kuanzwa upya. Alikaa sakafuni na koti lake mwilini. Miaka miwili alikuwa anatembelea kazi ya mikono ya baba yake bila kujua ni kazi ya mikono, na siku aliyojua ndiyo siku ilipofutwa.

Lyle alipopiga tena alipokea.

"Ijumaa usije," alisema. "Na inayofuata."

"Nisamehe."

"Nimekusikia. Usije."

Na ufunguo akaomba uachwe chini ya zulia la mlangoni. Uliachwa.

Maji yalikuwa yamemwagika, na Lyle alikuwa mtu wa kuyafuata hata kama hayazoleki. Aliandika kwenye ubao wa wapenzi wa simuleta mtandaoni: natafuta Harnett ya zamani, yenye gari jekundu. Siku ya kwanza alijibiwa na watu arobaini, wote wakarimu, wote na kiwanja kisicho chenyewe. Mmoja alimtumia Harnett ya Uskoti ambayo haipo hata Uskoti. Lyle alizifungua zote, moja baada ya nyingine, na safari hii alisoma kila Nisome mpaka mwisho. Alisoma mia na tatu. Aligundua kwamba watu huandika humo mambo mengi, majina ya wake zao, mbwa waliokufa, shukrani kwa daktari wa moyo. Miaka ishirini alikuwa anayaruka hayo yote, na aliona aibu.

Wiki ya tano akaandikiwa na bibi mmoja wa Thunder Bay, ng'ambo kule Kanada, Agnes Tournoux, aliyekuwa mpeleka barua. Walizungumza kwa simu.

"Kijana, mimi situpi kitu," bibi Agnes alimwambia. "Mume wangu alisema ni ugonjwa. Harnett ya Dvorsky ninayo, lakini ni toleo la kwanza. La pili sikuwahi kuliona, nadhani hakulitoa nje."

"Nitumie la kwanza, mama."

"Ni la mwanamke, sivyo?"

"Umejuaje?"

"Mwanamume hatafuti kiwanja cha nyasi wiki tano kwa ajili yake mwenyewe."

Jumamosi adhuhuri duka la miwani lilikuwa na foleni. Corinne, gauni la buluu na miwani yenye fremu nyekundu, alikuwa anampima mzee umbali kati ya macho alipomwona Lyle amesimama mwisho wa mstari. Hakumwita. Lyle alisubiri zamu yake dakika hamsini, akiwapisha hata wenye haraka. Alipofika mbele akaweka bahasha kaunta.

"Miwani au malalamiko?" Corinne aliuliza.

"Nimeipata Harnett ya baba yako. Siyo ile ile. Ni ya kwanza, kabla hajamaliza. Gari lipo. Benchi halipo."

Corinne aliishika bahasha bila kuifungua. Ndani mlikuwa na flashi, na karatasi moja.

"Karatasi ya nini?"

"Ni Nisome yake. Nimekuchapishia. Safari hii nimesoma."

Alifungua. Yaliyoandikwa yalikuwa machache.

Harnett, toleo la kwanza. Toa mandhari nyingine yoyote ya Harnett kabla ya kuweka hii. Gari jekundu ni langu. Pampu sikuipima, nimekisia. Benchi la binti yangu limenishinda, kila nikiliweka linaelea hewani. Alikuwa ananisubiri hapo na mimi nachelewa. Nitaliweka toleo la pili. E. Dvorsky.

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya Lyle akakohoa kuhimiza foleni. Corinne hakumsikia.

"Alilishusha," alisema.

"Nini?"

"Benchi. Mimi nimeliona, Lyle. Halikuwa linaelea. Miguu yote minne ilikuwa chini." Na hapo akalia, mbele ya wateja, miwani yake nyekundu ikalowa, na Lyle alizunguka kaunta ambako wateja hawaruhusiwi akamshika.

"Naomba toba kila siku," alimnong'oneza.

"Kosa lako nusu. Nusu yangu. Ningekwambia nilikuwa naenda kumwona nani."

"Mimi ningesoma."

"Wewe ungesoma, ndiyo. Ijumaa njoo. Daftari lake ninalo, lina vipimo."

Kiangazi chote walikaa kwenye kompyuta ile na kurasa kumi na nne za penseli. Corinne alisoma namba, Lyle alichora. Mwezi mzima wa Julai benchi lilielea, mara futi moja juu, mara limezama mpaka kiti. Waligombana juu yake kama mke na mume, na Lyle alianza kumheshimu sana mzee Emil. Agosti likatua.

Jumapili moja ya Oktoba, mchana, Corinne alimpa flashi.

"Nimeisafisha Harnett yetu, nikaifunga vizuri. Weka ile ya mwisho."

Lyle akaichomeka, akaishika folda aiburute mahali pake.

"Lyle," Corinne alisema. "Soma kwanza."

Akaiachia. Akafungua Nisome.

Harnett, toleo la tatu. Toa mandhari nyingine yoyote ya Harnett kabla ya kuweka hii. Gari jekundu ni la Emil Dvorsky. Benchi limeongezwa upana, sasa linakaa watu wawili. Limetengenezwa na Corinne Dvorsky na Lyle Haugen. Lyle Haugen akikubali kufunga ndoa na mtengenezaji mwenzake, aweke. Asipokubali, aache ilipo, hatakuwa na deni.

Lyle alisoma mara moja, akarudia tangu juu, polepole, kama mtu anayeogopa kuruka neno. Masikio yake yakawa mekundu. Kisha akaiburuta folda mahali pake akabonyeza.

"Imekubali?" Corinne aliuliza.

"Inapakia."

Kompyuta ile ilikuwa nzito. Corinne alivuta kiti chake karibu na cha Lyle, akamimina kahawa vikombe viwili, wakakaa wanasubiri.