Mdudu wa Mbaazi na Mwindaji Wake

Kila alfajiri Charif alitoka nyumbani Ikoni, karibu na Moroni kisiwani Ngazija, kwenda kupalilia mbaazi. Ilikuwa miaka ya mamluki walioishika nchi, na mchele wa dukani haukuwa wa kutegemewa. Shamba halikuwa lake. Lilikuwa manyahuli, ardhi inayorithiwa na wanawake. Mama mkwe wake alishasema: "Mwaka jana mlileta maganda matupu. Mkirudia, shamba nampa Roukia." Roukia ni mdogo wa mkewe.

Charif akatangaza vita. Kila mdudu aliyemwona alimtumbukiza katika mkebe wa maji ya sabuni. Lakini maganda yakazidi kusinyaa.

Siku moja akaja jirani yao, mwanamke aitwaye Hayati, mzaliwa wa Mutsamudu kisiwani Nzuani, aliyelima mbaazi kwao tangu utotoni. Akachungulia mkebe.

"Shemeji, umeua mpaka askari wako!"

"Askari gani? Hawa wote kunguni tu."

"Nyinyi Wangazija bwana, kila chenye miguu sita ni kunguni!"

"Na nyinyi Wanzuani huwapa majina kama watoto?"

Moinahalima, mke wa Charif, aliyekuwa akipalilia kando yao, akacheka mpaka akakaa chini.

Hayati akatoa wadudu wawili kwa kijiti. "Ni ukoo mmoja. Wote hawatafuni, wananyonya. Lakini tazama midomo. Huyu wa kahawia, mwenye miiba mabegani, mdomo wake mwembamba na mrefu kama sindano. Anatoboa ganda, ananyonya mbegu. Hukaa kwa makundi. Huyu wa pili ana kichwa chembamba, na mdomo mfupi, mnene, uliopinda kama ndoana. Hutembea peke yake. Chakula chake ni wadudu wenzake."

"Basi nimekuwa nikimsaidia mwizi," akasema Charif.

"Mwindaji mwache, wala usimshike, anachoma vibaya. Wale wa makundi wakung'ute ndani ya mkebe asubuhi, wakiwa bado wazito kwa baridi; jua likipanda wanakuruka."

Charif akafanya hivyo. Mibaazi ikafunga maganda mapya.

Mama mkwe alipokuja, alipasua ganda moja, akapasua jingine. Yote mawili yalikuwa yamejaa mbegu. Akatandika leso yake chini, akaanza kuchuma.

"Roukia atafute pengine," akasema.

Sufuria ya kwanza ya mbaazi za nazi Charif aliipeleka mwenyewe kwa Hayati. Akapiga hodi.

"Ahsante, dada," akasema. "Umetubakishia shamba."