Moshi wa Pilipili

Kila Jumamosi Afriyie alifagia uwanja wao pale Kumasi, na kila Jumamosi alinuna. Siku hiyo alinuna maradufu, kwa sababu bibi yake, Nana Akyaa, alikuwa ameng'oa mipilipili yote iliyozeeka.

"Yote hii ipeleke kwenye shimo la mbolea kule nyuma," Nana aliagiza, akashika njia ya sokoni.

Shimo liko mbali, jua kali, na wenzake wanamngojea wakacheze ampe, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi! Afriyie akajiona mjanja. Alirundika mipilipili na majani karibu na ukuta, akawasha kiberiti. Pilipili kavu zilikuwa bado zinaning'inia matawini, lakini nani ana muda wa kuzichuma?

Moshi ukainuka, ukapinda, ukaenda moja kwa moja kwa jirani, Maame Dufie. Kwenye kamba yake zilianikwa nguo nyeupe za familia nzima, za kuvaa kesho kanisani kumkumbuka marehemu mama yake.

Maame Dufie akapiga chafya. Mumewe akapiga chafya. Hata mbuzi wao akapiga chafya.

"We Afriyie!" Maame Dufie alichungulia ukutani, macho mekundu. "Unamkaanga shetani humo?"

"Ni taka tu, Maame," Afriyie alijibu, naye akapiga chafya tatu mfululizo.

"Taka! Kesho mchungaji akisema tuombe, sisi tupige chafya?" Sauti yake ikakatika. "Ni siku ya mama yangu, mwanangu."

Afriyie aliona haya. Akaumwagia moto maji, akaruka ukuta kwenda kuanua zile nguo azifue upya. Nana aliporudi, akikohoa tangu mtaa wa pili, alimkuta yumo kwenye povu hadi viwiko.

"Fua," Nana alisema. "Ukimaliza, suuza. Ukimaliza, suuza tena."

Wenzake walikuja, wakamcheka, wakaondoka. Jioni Maame Dufie alinusa nguo moja moja huku mtaa mzima umebana pumzi. Hakupiga chafya.

Asubuhi familia ilipita ikielekea kanisani, nyeupe tupu. Maame Dufie akasimama.

"Afriyie, Jumanne nataka kuchoma mabua yangu. Mtakuwa mmeanika?"

"Tutaanua mapema, Maame. Asante kwa kuniuliza."

Nana akamgeukia mjukuu wake. "Umesikia? Taka zetu, uwanja wetu, lakini moshi tunauvuta sote. Muulize jirani kwanza, ndipo ushike kiberiti."