Taa Nyekundu ya Jumatano

Likizo ya Agosti ilipofika, Pascalia Shikanga hakubaki nyumbani kucheza mpira wa kati na wenzake. Kila asubuhi alifuatana na baba yake, Bwana Titus Shikanga, hadi kliniki moja ya watoto mjini Kakamega, ambako baba alikuwa mtunza kumbukumbu. Wakifika, baba alifungua ofisi, wakanywa chai kwa viazi vitamu, kisha Pascalia akaingia chumba kidogo cha nyuma kusoma. Alikuwa darasa la saba, na baba hakutaka mchezo na masomo.

Chumbani humo mlikuwa na meza, kiti, na sanduku la chuma lenye diski nne za kompyuta. Kila diski ilikuwa na kitaa chake cha kijani mbele. Ndani ya diski hizo ndimo mlimokuwa na faili za watoto mia sita wenye ugonjwa wa selimundu, ule unaowaumiza mifupa hadi wakalia. Zamani faili hizo zilikuwa za karatasi, lakini mchwa walizitafuna miaka miwili mfululizo. Zilizobaki zikapigwa picha zikawekwa kwenye kompyuta, na karatasi zikachomwa. Mashine ya kutengeneza nakala za akiba ilikuwa imeahidiwa tu, haijaletwa.

"Usiguse chochote humu," baba alimwambia siku ya kwanza. "Nimempa daktari neno langu."

"Sitagusa, Baba."

Na kweli hakugusa. Alifunika tu!

Unajua tena nyumba zetu. Redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata chupa ya chai ina kofia yake ya uzi. Pascalia aliona ni aibu sanduku muhimu kuliko redio kukaa uchi hivyo. Likizo hiyo mama alikuwa amemfundisha kufuma, na kitambaa chake cha kwanza kilikuwa cha sufu nzito, cheupe chenye maua mekundu. Jumatatu mchana, baba alipokwisha kukagua chumba kama alivyofanya mara moja kila wiki, Pascalia alikitandaza juu ya sanduku. Kikateleza. Akazikunja pembe zake akazibana kwa nyuma, vizuri kabisa, kisianguke. Huko nyuma ndiko feni ilikotolea joto, lakini yeye angejuaje? Alikuwa akiwaza jinsi baba atakavyofurahi Jumatatu ijayo.

Jumatano alasiri, kitaa cha tatu kiliacha rangi ya kijani kikawa chekundu. Pascalia alikitazama. Moyo ulimwambia, "Mwambie Baba." Lakini akimwambia, ataingia aone kitambaa, naye alikuwa ameambiwa asiguse. Je, akikasirika? Isitoshe, kompyuta ya baba ilikuwa ikiendelea na kazi kama kawaida. Akarudi kwenye hesabu zake. Usiku alilala vibaya, na Alhamisi hakuweza kukitazama kile kitaa.

Ijumaa karibu na saa sita, alimsikia baba akimaka ofisini. "Mama yangu wee! Imekuwaje hii?"

Pascalia aliinua macho. Kitaa cha kwanza nacho kilikuwa chekundu. Alishika kitambaa, kilikuwa cha moto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Alikivuta, akakisokomeza chini ya vitabu mkobani, na mara mlango ukafunguliwa.

"Umegusa kitu hapa?" baba aliuliza, jasho likimtoka.

"Hapana, Baba."

Baba alimwamini papo hapo, na hilo ndilo lililomchoma. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Baba alizima sanduku, akaenda kupiga simu.

Jumamosi asubuhi alikuja fundi kutoka Mumias, Bi Swafia, mwanamke mrefu mwenye hijabu ya buluu na mkoba wa vyuma. Yeye ndiye aliyezifunga diski hizo mwaka uliopita.

"Asalaam aleikum. Mnaonaje hapa?"

"Tuko, Madam, ila si kuzuri," baba alijibu. Tangu jana hakuwa ametia ugali kinywani.

Daktari Osundwa, mkuu wa kliniki, alisimama mlangoni amekunja mikono. "Bwana Shikanga, nani huingia humu?"

"Ni mimi tu, Daktari. Na huyu binti yangu husomea hapa. Lakini yeye nimemlea mwenyewe, hawezi kugusa kitu."

Pascalia alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Diski hizi ni kama watu wanne waliobeba meza," Bi Swafia alieleza akifungua sanduku. "Mmoja akiachia, watatu wanaiweza. Ndiyo maana kompyuta inaweza kuendelea bila nyinyi kujua. Wawili wakiachia, meza iko chini."

"Na zimeachia mbili," baba alisema kwa sauti ndogo. "Hatuwezi kuziwasha tena?"

"Naogopa. Kama zimeharibika ndani, nikiziwasha zitajikwaruza na kufuta kila kitu. Afadhali nizipeleke Nairobi zikafunguliwe. Wiki tatu, pengine nne."

Kabla daktari hajajibu, walisikia kilio. Mama mmoja kutoka Khwisero aliingia amembeba mwanawe mgongoni, mtoto wa miaka sita aitwaye Philemon. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano, na kila mama alipopiga hatua, mtoto alipiga ukelele.

"Maumivu yameanza jana jioni, Daktari. Msaidie!"

"Nitamsaidia, mama. Lakini nakumbuka mwaka jana kuna dawa ilimvimbisha uso akashindwa kupumua. Ilikuwa ipi?"

"Sijui mimi! Ilikuwa nyeupe. Si mliandika?"

Daktari aligeuka akamtazama baba. Baba akatazama sanduku. Wololo! Dawa nyeupe hapo kliniki zilikuwa zaidi ya kumi. Daktari aliagiza mtoto alazwe chumba cha pili, apewe maji na afunikwe blanketi, lakini dawa yenyewe ya maumivu hakuthubutu kutoa.

Pascalia alisikia kilio kile kikipenya ukuta. Akisema, baba atafukuzwa kazi, kwa kuwa ndiye aliyemleta. Asiposema, Philemon je? Alikimbilia mkoba wake, akatoa kitambaa, akakiweka mezani mbele ya watu wote.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Nililifunika sanduku kwa hiki. Nilikibana nyuma. Jana nilikikuta cha moto sana, nikakificha."

Bi Swafia alikishika kile kitambaa, akapima unene wake kwa vidole, na uso wake ukachangamka.

"Kumbe ni joto!" alisema. "Basi huenda hazijaharibika. Zilizidiwa tu, na sasa zimepoa tangu jana. Naweza kuziwasha."

Aliziwasha moja moja huku ameinamisha sikio. Zote nne zilivuma sawasawa, bila mkwaruzo. Baba alishusha pumzi ndefu.

"Sasa jambo moja la mwisho," Bi Swafia alisema, vidole viko juu ya vitufe. "Diski zilizoachia ni ya kwanza na ya tatu. Kompyuta huandika saa zinapoachia, lakini maandishi yenyewe yamo humuhumu ndani. Binti, zilikuwa nyekundu pamoja?"

Ole wake! Pascalia alikuwa amekwisha kukiri, tena mbele za watu. Je, aongeze kwamba alikiona cha tatu tangu Jumatano akanyamaza? Si watasema yeye ni mwongo wa kupindukia?

"Pamoja," alijibu. "Jana."

"Vizuri. Basi zina mambo yaleyale. Nitazirudisha zote mbili kundini." Bi Swafia alianza kuandika amri. "Zingeachana kwa siku, ile ya kwanza kutoka ingekuwa na habari za zamani. Ningeichanganya na hizi nyingine, faili zote zingevurugika, na hapo hata Nairobi hawangetusaidia."

Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye kitufe.

"Usibonyeze!" Pascalia alipiga kelele hadi baba akaruka. "Nimedanganya, Madam! Kitaa cha tatu kilikuwa chekundu tangu Jumatano. Cha kwanza ndicho cha jana. Nilikiona nikanyamaza, niliogopa Baba ataona kitambaa."

Bi Swafia aliondoa mkono taratibu. "Jumatano? Una hakika?"

"Haki ya Mungu. Jumatano alasiri."

Bi Swafia alifuta amri ile, akaandika nyingine, akiiacha diski ya tatu nje. Kisha akasema "Bismillahi" na kubonyeza. Skrini ilikaa nyeusi. Baba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mistari ikaanza kupita, mmoja, mwingine, mingi, halafu yakatokea majina, mia sita yote.

"Philemon wa Khwisero!" daktari alisema. Baba aliifungua faili. Jina la dawa ile lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu, na picha ya ukurasa huo ilionekana wazi. Daktari alilisoma mara mbili, akashtuka.

"Hii ndiyo niliyokuwa nimeanza kuifikiria," alisema, akatoka mbio kwenda kuchukua nyingine. Haukupita muda mrefu kilio kikapungua, kisha kikakoma. Philemon alikuwa amelala.

Daktari Osundwa aliporudi, hakutabasamu. "Bwana Shikanga, chumba hiki hakitakuwa cha kusomea tena. Nitakuandikia barua ya onyo. Kazi yako unayo."

"Nashukuru, Daktari. Ni haki," baba alijibu.

Bi Swafia alimvuta Pascalia karibu. "Mimi mwenyewe nimeharibu vitu vingi kwa kutojua. Kutojua si kosa kubwa. Kila fundi amepitia hapo. Lakini ulipotupa nusu ya ukweli tukaiamini, tulikuwa karibu kupoteza kila kitu. Mtu asiyeambiwa kitu huogopa, huenda polepole. Aliyeambiwa nusu husonga mbele bila hofu. Ukiamua kusema, mwanangu, sema yote."

"Nimesikia, Madam. Nisamehe, Baba."

Baba alimgeukia, macho yamemwiva kwa uchovu. Pascalia alingoja kofi, lakini halikuja.

"Jana nilikuuliza, ukaniambia hapana, nikakuamini," alisema. "Leo nakuuliza tena. Kuna jingine umebakisha?"

Pascalia alifikiri vizuri kabla ya kujibu, akizipitia siku moja moja tangu Jumatatu.

"Hapana, Baba. Nimesema yote."

Baba alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko jana. Kisha akaitikia kwa kichwa.