Anatumia Dawa

Mfagizi ndiye aliyemwona kwanza. Saa moja asubuhi aliingia chumba cha kufulia kilichopo kati ya bweni la wavulana na la wasichana, ndoo mkononi na mawazo yake kwingine, akamkuta kijana amelala kifudifudi kando ya karo. Alidhani amelewa. Alipomgusa bega na kumkuta wa baridi, ndoo ilimponyoka na maji yakamlowanisha marehemu viatu.

"Nimeharibu ushahidi, Afande?" mfagizi alimuuliza Inspekta, polisi walipofika.

"Viatu vitakauka, mama. Kaa chini kwanza."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kuvua saa yake na kuitia mfukoni kabla ya kukagua maiti. Hakuna aliyewahi kuthubutu kumuuliza kwa nini. Alichuchumaa. Pigo moja kisogoni. Kipande cha bomba la chuma ukutani, chenye damu na nywele. Sindano ndogo chini ya karo. Na mgongoni mwa kijana, bango la boksi lililoandikwa kwa kalamu nene nyeusi: ANATUMIA DAWA.

Koplo wake alishusha pumzi. "Basi Afande, tumemaliza kabla hatujaanza. Hii ni Operesheni."

Hapo ndipo Inspekta alipohisi mwili kumsisimka. Maiti alikwisha kuzizoea, Mungu amsamehe. Kilichomshtua ni ule wepesi wa Koplo, kijana mwenye adabu, anayempigia mama yake simu kila asubuhi. Miezi mitano tangu serikali itangaze Operesheni ya kuwamaliza wauza unga, watu walikuwa wakiokotwa vichochoroni na mabango juu yao, na hakuna jalada lililofunguliwa. Mwenye bango hachunguzwi. Amri hiyo haikuandikwa popote, lakini kila kituo kiliijua.

"Koplo, mabango ya Operesheni yanasemaje?"

"'Mimi ni muuza unga.'"

"Nimeyashika thelathini na moja kwa mikono yangu, na yote yanasema 'mimi'. Wanamfanya marehemu ajisemee. Hili linamsema mtu. Halafu mtaani nani anasema dawa? Watu wanasema unga."

Koplo alitoa simu, akalipiga bango picha.

Juu ya karo kulikuwa na chupa ya chai. Inspekta alivaa glavu, akaifungua. Hamkuwa na chai. Mlikuwa na maji ya baridi na kichupa cha kioo chenye lebo ya hospitali. Insulini.

Saa nne mama wa marehemu alikuwa amekwisha kufika kituoni. Alikaa kwenye benchi mbele ya kaunta, kadi ya kliniki ya mwanawe imekunjwa ndani ya kitambaa. Hakulia. Alimkabidhi Inspekta ile kadi kwa mikono miwili.

"Ana kisukari tangu ana miaka minane. Nilimfundisha mwenyewe kujichoma, tulianza kwa kuchoma chungwa." Alikunja kile kitambaa kilichobaki kitupu. "Wanasema saa kumi watamsoma redioni."

Ilikuwa kweli. Kila siku saa kumi jioni redio ilisoma orodha ya Operesheni, na aliyesomwa alisomwa. Ndugu hawakutokeza kumzika.

"Sikuombi unirudishie mwanangu," mama alisema. "Mtoe kwenye orodha tu."

Mkuu wa kituo alisikiliza huku anasaini karatasi nyingine. "Kichupa mtu anaweza kujaza chochote. Una mtuhumiwa?"

"Bado, Afande."

"Basi una mpaka saa tisa na nusu. Baadaye napeleka majina."

Mwenzake marehemu wa chumba namba kumi na nne alikuwa kijana mrefu, bingwa wa midahalo, chuo kizima kilimwita Spika. Siku hiyo Spika hakuwa na la kusema. Alikaa kitandani, anakitazama kitanda cha pili kilichotandikwa vizuri.

"Mlimwitaje marehemu?"

"Saa. Bwana Saa. Alikuwa anakula kwa dakika, Afande. Hata mtihani ungekuwa unaendelea, saa kumi na mbili na robo lazima aonekane kantini. Tulikuwa tunamcheka. Jana usiku hakurudi, nikadhani kaenda kwao."

"Mliokuwa mnajua sababu ni wangapi?"

"Mimi tu. Alikuwa hataki kuonewa huruma. Zamani alikuwa anajichomea humu. Operesheni ilipoanza akahamia kule kufulia, saa kumi na mbili watu wote wako kantini. Sindano siku hizi unaionesha kwa nani?"

"Wewe unaiunga mkono Operesheni?"

Spika aliinamisha kichwa. "Niliitetea kwenye mdahalo, Afande. Nikashinda. Nilisema jipu halibembelezwi. Ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi, na Saa alisimama pia."

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari. "Siri ya sindano ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri."

"Hakuna, Afande, naapa. Labda..." Alisimama ghafla. "Niliandika kwenye dodoso. Jana asubuhi. Lakini lile ni siri, halina jina."

Dodoso lilikuwa la msichana wa mwaka wa mwisho, aliyekuwa akikusanya maoni ya wanafunzi kuhusu Operesheni. Alikuwa amewafuata watu mezani, maktabani, hadi mlango wa bafuni, mpaka wakamwita jina hilo hilo: Dodoso. Hakukasirika. Aliwapa kalamu na kuwasubiri.

Chumba chake kilipangika mpaka kikatisha. Karatasi mia na ishirini zilikuwa mezani, mafungu mawili, kingo zimenyooka. Inspekta aliinua ya juu. Kona ya kulia, kwa penseli hafifu, kulikuwa na namba ndogo.

"Hii nini?"

"Namba ya chumba," Dodoso alisema. "Nijue nani hajarudisha. Huwa naifuta nikishaingiza majibu kwenye kompyuta."

"Lakini umeahidi siri."

"Sijaandika jina la mtu, Afande."

Koplo aliitafuta ya chumba kumi na nne. Vyumba vingi vilikuwa na karatasi mbili. Hiki kilikuwa na moja tu, maana marehemu hakuwahi kujaza yake. Inspekta alisoma swali la tisa na jibu lake. Kisha aliigeuza karatasi, akasoma na upande wa pili. Akaitia ndani ya bahasha ya vielelezo.

Chini ya meza palikuwa na boksi la karatasi za fotokopi lenye tundu juu, lile lililopokea majibu. Upande mmoja wa kifuniko ulikuwa umechanwa. Koplo alilinganisha ule mchano na picha ya bango kwenye simu yake; kingo zilifanana.  

Saa nane mchana walikuwa kwenye chumba cha mahojiano: meza, viti vitatu, dirisha lenye nondo. Alama za vidole kwenye bomba zilikuwa zimesomwa. Inspekta alimpa Dodoso onyo la kisheria, akamuuliza kama anataka wakili. Alitikisa kichwa.

"Jana saa kumi na mbili jioni ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Kantini hukwenda?"

"Sikuwa na njaa."

"Boksi lako limechanwa."

"La zamani."

"Bango linaingia kwenye mchano wake mpaka kwenye nyuzi. Na bomba lina vidole vyako vinne."

Dodoso aliitazama mikono yake kana kwamba imemsengenya. Aliponyanyua uso sauti yake ilikuwa ya darasani kabisa.

"Themanini na nne kati ya mia na ishirini, Afande. Swali la sita: 'Je, ni sawa watumiaji na wauzaji kuuawa?' Themanini na nne wameweka tiki kwenye 'Naunga mkono kwa nguvu.' Nilihesabu mara tatu. Madaktari wa kesho, walimu wa kesho. Mnanishangaa mimi?"

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alijua msichana hakuwa anadanganya; karatasi alikuwa ameziona, zile tiki za haraka haraka, nyingine zimechorewa uso unaocheka pembeni.

"Tiki haijamuua mtu," alisema. "Tuambie kilichotokea kufulia."

"Nilikwenda kuongea naye tu. Nilitaka kumwambia aache, nilikuwa nimeshapanga maneno." Sasa sauti ilianza kupoteza darasa. "Nilikuwa na mdogo wangu, Afande. Alikuwa anajifungia chumbani. Mama akigonga anajibu, 'Natumia dawa, mama, natoka sasa hivi.' Alituambia ni ya kifua. Sisi tukaamini, nyumba nzima. Mama akawa anamchemshia maji ya kumezea. Tulipovunja mlango alikuwa na sindano bado mkononi."

"Lini?"

"Miaka miwili iliyopita. Mama mpaka leo hanywi maji ya moto."

"Endelea."

"Nilimwona anatoka bwenini, nikamfuata mpaka kufulia. Yule kijana kanipa mgongo, kainua shati, sindano mkononi. Nikasema, 'Kumbe ni kweli.' Hakushtuka hata. Akageuza shingo, akatabasamu, akasema..." Alishika ukingo wa meza. "Akasema, 'Ni dawa tu, dada.'"



"'Ni dawa tu.' Vile vile, na sauti ile ile. Bomba sijui nililitoa wapi. Nilipopata akili alikuwa chini. Nikarudi nikachana boksi, kwa sababu mwenye bango hachunguzwi, kila mtu anajua. Nikaandika lile jibu kama lilivyo kwenye karatasi."

"Umelikumbuka neno kwa neno?"

"Mimi sikosei data, Afande." Alisema kwa namna fulani ya fahari, na ilikuwa inaumiza kuisikia. "Na dodoso langu halina utata. Ukurasa wa kwanza, aya ya pili: 'Katika dodoso hili neno dawa lina maana ya dawa za kulevya.' Niliandika nisirudierudie."

"Spika hakuisoma aya ya pili. Ameniambia alikuwa anawahi mpira. Wewe ukipewa dodoso, unasoma maelezo ya mwanzo?"



Inspekta alifungua bahasha, akaiweka karatasi mezani ndani ya mfuko wake wa plastiki. "Soma swali la tisa kwa sauti."

"'Je, unaishi na mtu anayetumia dawa? Eleza.'"

"Na jibu."

"'Ndiyo. Anatumia dawa, anajichoma sindano asubuhi na jioni.'"

"Kuna maneno mawili kwenye mabano, chini kabisa."

Msichana aliinama. Maandishi ya Spika yalikuwa makubwa, na nafasi aliyoachiwa ilikuwa mistari miwili.

"'Endelea nyuma,'" alisoma.

"Uliendelea?"

Inspekta aliigeuza karatasi yeye mwenyewe, taratibu, akaisogeza mbele.

Dodoso alisoma bila sauti, midomo tu ikicheza. *Kabla ya kula, maana ana kisukari toka utotoni. Sijaelewa hili swali linahusiana nini na Operesheni.* Alifika mwisho, akaigeuza mbele, akaigeuza tena nyuma. Aliendelea kuigeuza hivyo hivyo, mbele na nyuma, mpaka Koplo akainuka kumwondolea karatasi mikononi, naye akawa anageuza hewa.

Saa tisa na dakika ishirini jalada la mauaji lilikuwa juu ya meza ya Mkuu, limefunguliwa rasmi, la kwanza kwa mtu mwenye bango. Aliyasoma maelezo ya mtuhumiwa, akayarudia, akachukua kalamu na kukata jina moja kwenye orodha. Majina mengine saba yalibaki. Inspekta aliyaona, na Mkuu alimwona akiyaona.

"Hao nao wana mama zao, Afande."

"Nenda kaunta, Inspekta."

Kule kaunta mama alihitaji barua ya polisi ya kuwaonesha ndugu na majirani, wakubali kuja msibani. Inspekta aliiandika kwa mkono wake, akamsomea: "'Marehemu hakuwa mhalifu. Alikuwa mwanafunzi, na kwa ushauri wa daktari alikuwa anatumia dawa ya...'"

"Hapo," mama alisema.

"Wapi, mama?"

Mwanamke yule, ambaye kutwa nzima hakuwa ametoa chozi, sasa machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya kaunta, naye hajishughulishi kuyafuta.

"Toa hilo neno, mwanangu. Andika tu alikuwa mgonjwa."

Inspekta alichana barua, akachukua karatasi nyingine.