Mlango Nyuma ya Mimbari

Ukuta wa mashariki ulianza kutoa jasho mwezi wa tisa mwaka 1954, katikati ya kiangazi, wakati Newala nzima ilikuwa ikishuka bondeni kutafuta ndoo moja ya maji. Magdalena aliupangusa kwa kanga yake. Ilipogonga saa sita mchana ukalowa tena, ukanuka tope bichi, na kwa nje kitu kikawa kinakwaruza matofali taratibu. Alizunguka kuangalia. Hapakuwa na mtu.

Kanisa lenyewe halikuwa na makuu. Waumini wake walijitenga na misheni kubwa, hawakutaka ubani, sanamu wala kengele. Wakajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, mimbari katikati ya ukuta wa mashariki, mlango mmoja tu upande wa magharibi. Fundi alikuwa Stefano, mume wa Magdalena, mtu wa kuja kutoka Nanganga, sasa marehemu. Alikipenda kiwanja kwa kuwa kilikuwa safi, hakioti hata jani. Mwenyeji yeyote angemwambia kwamba mahali panapojifagia penyewe pana mwenyewe, lakini Stefano hakuuliza, na watu wakanyamaza wamwone atafika wapi.

Jumapili moja mahubiri yalipitiliza saa sita. Mhubiri Marko akasukumwa kutoka mimbarini na mkono usioonekana, akavunjika bega mbele ya waumini wote.

"Jumatatu tunabomoa," alinong'ona, mkono umefungwa shingoni.

"Utanibomoa mimi kwanza," alisema Magdalena. Hasira zilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Kaburi la Stefano lilikuwa na msalaba wa mti tu. Alichoacha duniani ni kanisa hili.

Siku hiyo hiyo akamwita Mwalimu Muharami, mganga aliyejua mambo ya majini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama." Muharami aliweka sikio ukutani, akalitoa haraka. "Huyu ni jini wa chemchemi ya bondeni. Hapa ndipo anapopita tangu enzi za mababu. Mmemzibia. Vunjeni nyumba."

"Anataka nyumba au anataka njia?"

"Njia," alikiri mganga.

"Basi nyumba sitoi!"

Jumatatu alfajiri akachukua sururu ya marehemu. Kutwa nzima alipiga ukuta aliousimamisha mumewe, majirani wakimtazama kwa mbali. Jua lilipotua, mimbari ilikuwa imesogezwa kando, na mlango mpya ukatazamana na ule wa zamani.

Jumapili iliyofuata Marko alitaka kufunga ibada mapema.

"Endelea, baba," alisema Magdalena kutoka benchi la nyuma. "Hatufukuzwi kwetu."

Saa sita harufu ya tope ikaingia kwanza, kisha nyayo zilizolowa zikaanza kujichora sakafuni, moja baada ya nyingine, bila mguu, zikapita mimbari, zikashika njia ya katikati kati ya wanaume waliofumba macho na wanawake waliokumbatia watoto, zikaja polepole mpaka kwenye benchi la Magdalena, na hapo zikasimama, zikamgeukia, maji yakaanza kumdondokea mapajani, ya baridi, tone kwa tone, kutoka kwenye uso asioweza kuuona.

Hakusogea hata inchi moja.

"Njia yako ndiyo hiyo," alisema. "Benchi hili ni langu. Pita."

Unyayo mmoja ukageukia mlango wa magharibi, na mwingine, na mwingine.

Magdalena akakung'uta kanga yake.

"Mhubiri," alisema, "ulikuwa umefika mstari gani?"