Mwenye Viatu

Wewe, viatu vya mtu ambaye hatembei tena, unaviweka wapi?

Usijibu haraka, wala usijifanye mtakatifu. Wengine huvigawa, wengine huvitupa usiku ili majirani wasione. Fundi yeye aliviweka juu ya kabati, ndani ya boksi la printa, akasema ataamua siku nyingine. Siku nyingine ikawa miaka miwili.

Mtaani hakuna aliyemwita jina lingine. Alikuwa na duka la kutengeneza simu na kompyuta, na juu ya duka, ukipanda ngazi kumi na nne za saruji, ndipo alipoishi na mdogo wake. Huyo mdogo wake waliyemwita Kishada aliwahi kucheza dansi kwa namna ambayo watu waliacha soda zao zipoteze baridi na kuisha gesi. Kisha akaanguka kwenye ngazi hizo hizo kumi na nne, akavunjika uti wa mgongo, na alipozinduka hakukumbuka chochote cha siku ile. Sababu ilijulikana: viatu. Viatu vya dansi vya ngozi ya kahawia, soli laini kama ulimi, nani huvivaa kwenye saruji? Fundi ndiye aliyewaeleza hivyo madaktari, majirani, na Kishada mwenyewe, na maelezo ya fundi huwa hayaulizwi mara mbili.

Mwaka wa pili ukiisha, Kishada aliacha kula. Hakugoma wala hakulia. Alisukuma tu sahani kando, akasema, "Dada, usinipikie tena. Unajisumbua."

Fundi alikuwa ametengeneza vitu vilivyotumbukia chooni, vilivyokanyagwa na magari, vilivyotafunwa na mbwa. Huyu mmoja alikuwa akizima mbele ya macho yake na hakujua afungue skrubu gani. Ndipo akaleta ile miwani ya uhalisia pepe, iliyoachwa dukani na mteja aliyehama. Ukiivaa, chumba kinatoweka na unajikuta kwenye ukumbi wenye taa, umejaa watu wa mbali, kila mmoja na umbo alilojichagulia, wakicheza. Kishada aliivaa dakika kumi. Alipoivua macho yake yalikuwa na maji, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi aliomba kitu. Umbo lake kule lilikuwa na kichwa na mikono tu vinavyomtii. Kiuno kilisimama kama mlingoti. Alitaka kiuno.

Basi Fundi akaanza kutafuta vihisi vya mwili mzima, vile vidude vya ukubwa wa kiberiti unavyojifunga kiunoni na miguuni ili mashine ijue ulivyokaa. Alisoma maoni ya watu mpaka shingo ikamuuma. Kuna njia ya kamera, lakini kamera inataka kuona miguu, na miguu ya Kishada ilikuwa chini ya shuka. Kuna vihisi vinavyojipima vyenyewe kwa mwendo wake, rahisi, lakini kila baada ya nusu saa vinapoteza dira, unakuta goti limehamia mgongoni. Na kuna vile vinavyosomwa na taa mbili zinazofungwa kwenye pembe za chumba, ambavyo havikosei hata upana wa ukucha. Akachagua hivi vya mwisho. Hakutaka makosa.

Kosa likawa lake. Programu ilikataa kuanza bila kumpima mtu aliyesimama: kichwa juu, kiuno katikati, nyayo mbili sakafuni. Maandishi yakasema, *Simama wima. Usisogee.* Kishada akacheka kwa mara ya kwanza, cheko kavu. "Iambie na mimi ningependa."

Sasa, fundi yeyote mzuri anajua kukidanganya kifaa. Kinasema mlango haujafungwa, unaunganisha nyaya mbili kinaamini umefungwa. Ni kazi ya kila siku, haina dhambi. Fundi alichukua ufagio, akaufunga wima kwenye kiti, akaning'iniza miwani juu pale kilipofika kichwa cha Kishada akisimama zamani, akafunga kihisi kimoja katikati ya mpini, kisha akashusha lile boksi la printa. Viatu vilikuwa vimekakamaa. Akavipanga chini ya ufagio, kihisi kimoja juu ya kila kiatu. Kishada alimwambia ufagio huo una umbo zuri kuliko la dada yake. Fundi akacheka, akauinamia ufagio kama mpiga picha anayembembeleza bibi harusi.

"Haya, mwenye viatu," akasema, "karibu. Simama vizuri."

Ting, mashine ikalia. Taa tatu zikawa kijani.

Tangu siku hiyo Kishada alicheza. Kiuno chake halisi kilisogea kidogo kitini, lakini kule ukumbini umbo lake lilizunguka, likajipinda, na miguu yake ikapiga sakafu kwa hatua ambazo Fundi alizijua moja moja. Aliyaona hayo kwenye kompyuta akajiambia ni programu inakisia. Siku hizi programu hukisia kila kitu. Kishada alikula. Aliomba kuongezewa. Kwa wiki mbili nyumba ilikuwa na sauti ya mtu anayehema kwa furaha.

Mchana mmoja Fundi alikuwa dukani chini, akafungua droo kutafuta bisibisi, akaviona vihisi viwili vya miguuni. Alikuwa amevileta viongezwe chaji tangu juzi akasahau. Vilikuwa vimekufa kabisa, baridi. Akapanda juu. Kwenye kioo cha kompyuta, miguu ya Kishada ilikuwa inacheza.

Aliviangalia viatu alivyoviacha kando ya ukuta. Soli zilikuwa na joto. Kamba zake, alizoziacha zimelegea, zilikuwa zimefungwa fundo la mara mbili na ncha zimefichwa ndani, kama Kishada peke yake alivyozifunga. Kishada alikuwa hajainama mpaka miguuni kwa miaka miwili.

Fundi alisema moyoni kwamba amechoka. Watu waliosoma tuna neno hilo moja, uchovu, tunalifunika juu ya kila kitu.

Kisha zikaja hatua. Hazikungoja usiku, zilikuja saa nane mchana, jua likiwa limesimama mlangoni na wateja wakiwa wamekwenda kula. Zilianzia juu, soli laini juu ya saruji, fsh, fsh, zikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikakoma. Siku zote ya tatu. Na kila zilipokoma ilishuka harufu, harufu ya plastiki ya waya ulioungua, na Fundi, aliyenusa plastiki iliyoungua kila siku ya maisha yake bila kujali, hii aliitambua, na alijua ni ya siku gani.

Wiki ile ile Kishada alianza kuona baridi. Miguu haikuwa na hisia hata hapo awali, lakini sasa ubaridi ulianzia mapajani alikokuwa anahisi, ukapanda. Daktari alipima damu, akapima moyo, akaandika vitamini. Kufikia Ijumaa ulikuwa kiunoni, na kiuno chenyewe, kile alichokiomba, kikakataa kusogea. Kule ukumbini umbo lake lilicheza vizuri kuliko wakati wowote, watu wa mbali wakimzunguka na kumpigia makofi, na kitini Kishada alikaa kimya na miwani usoni, mdomo wazi, hasogei hata kidogo.

Fundi alimvua miwani kwa nguvu. Kishada hakupigana. Alimshika dada yake mkono akanong'ona kama mtu anayechelea kusikiwa na aliye chumba cha pili.

"Kuna mtu, Dada. Mwanzo mimi nilikuwa namchezesha. Halafu tukawa tunapokezana zamu." Akatazama kompyuta. "Sasa hanipi zamu yangu."

Fundi akazima mitambo. Akafuta programu, akafungua taa za pembeni na kuzirudisha kwenye maboksi yake, akavibeba viatu mpaka jalala la sokoni na kusimama hapo akiangalia moto wa takataka unavyovimeza, na aliporudi, akiwa bado na moshi kwenye nywele, alivikuta juu ya ngazi, visigino pamoja, havijaungua, fundo la mara mbili, vikimtazama kwa namna ambayo viatu havitakiwi kuweza kutazama. Na kompyuta, iliyokuwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme, ilikuwa inang'aa chumbani kwa maneno matatu: *Simama wima. Usisogee.*

Sasa ubaridi ulikuwa mbavuni, na Kishada alikuwa anapumua kwa kuhesabu.

Mganga aliyeitwa na Fundi alikuja siku iliyofuata baada ya adhuhuri. Alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye kandambili na mkoba wa hospitali, na alipofika juu alisimama kwanza kupumzika na kuzilaani ngazi kwa utaratibu, moja moja, mpaka alipofika ya tatu akanyamaza. Aliinama akaipapasa. Alimsikiliza Kishada kifua kwa kifaa cha hospitali, kwa sababu, alisema, huwa hapendi kumsingizia jini kazi ya nimonia. Halafu alivinusa viatu. Alimtaka Fundi aeleze alivyovitumia, na Fundi akaeleza yote, ufagio, miwani, maneno aliyoyasema, hata mzaha.

"Kwa hiyo umejenga mwili mtupu," mganga alisema, "ukakaribisha wa kuukaa."

"Nilikuwa nadanganya mashine tu, Mama."

"Huyu hana shida na mashine. Hata ungetumia mtungi angekaa." Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Majini wanaopita ni wengi, mwanangu, wengi hawaingii, hawapati pa kukanyaga. Huyu amepata. Nimemsomea toka nilipoingia, ninyi hamkunisikia, na kila nikimwambia toka ananijibu neno moja. Ananiambia viatu hivi vimebebeshwa jambo ambalo havikulifanya. Anasema hapo ndipo aliposimama, na ataendelea kusimama mpaka jambo hilo liondolewe. Mimi siwezi kuliondoa. Sikuliweka mimi."

Kishada aligeuza macho tu. Shingo ilikuwa imeanza kugoma. "Jambo gani?"

Mganga hakumtazama Kishada. Alikuwa anamtazama Fundi, bila hasira, kama nesi anavyomtazama mgonjwa anayesema hajala kitu kabla ya upasuaji.

"Atoke kwanza nje," Fundi alisema. "Mdogo wangu. Tumtoe nje, nitakwambia wewe."

"Hakuna wa kumtoa, haponi akitoka. Yeye ndiye wa kuambiwa."

Nje kwenye ngazi, saa nane kamili, kitu kilianza kushuka. Fsh. Fsh. Harufu ya plastiki iliingia chumbani taratibu kama mgeni anayeijua nyumba.

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda akakamata mkono wa mdogo wake, na mkono ulikuwa baridi kama bomba la maji, akaanza kusema. Alisema siku ile ngazi zilikuwa na giza. Hatua zikakoma, na Kishada akavuta pumzi fupi, na ile iliyopaswa kufuata haikufuata upesi. Alisema basi kwamba hakumwangalia vizuri, kwamba dada mkubwa alipaswa kuwa makini zaidi. Hatua zikapanda, zikaingia mlangoni, na wote watatu wakaviona viatu sakafuni, hakuna mguu ndani yake, vikisogea kwa ile staili ya Kishada ya kukanyaga kwa ncha kwanza, vikaja vikasimama wima kando ya Fundi, visigino pamoja. Mganga alisema kwa sauti ya chini, "Usilikate vipande, mwanangu. Hana pumzi za kungojea vipande."

Midomo ya Kishada ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yake yalikuwa yamemganda dada yake usoni, na hayakuwa na lawama yoyote, yalikuwa yanamtegemea tu, kama miaka miwili yote yalivyomtegemea, alipombeba mgongoni kushuka kliniki, alipomwogesha, Kishada alipomsikia akiwaambia wageni habari ya viatu na kutikisa kichwa pamoja nao kwa ujinga wake mwenyewe. Na Fundi alijua kwamba akilisema hili macho hayo yatarudi na uhai lakini hayatamtazama hivi tena mpaka anakufa, na alijua pia kwamba kama hatalisema hayatamtazama mtu yeyote.

"Haikuwa viatu," alisema. "Haikuwa viatu, Kishada. Nilikuwa nimevuta waya wa umeme kutoka juu kwenda dukani, umekatiza ngazi ya tatu, umeanza kuungua na nilikuwa nimenusa harufu yake, nikasema nitautoa nikimaliza simu moja. Wewe ukajikwaa hapo. Nilikusikia ukianguka. Ulikuwa unaniita, na kabla sijaja kwako nilipanda nikaukunja waya kwanza, nikauficha, ndiyo nikaja. Mimi ndiye niliyefanya."